Tarishi wa mafaili asipewe funguo za sefu

WAFANYABIASHARA wengi wenye duka zaidi ya moja wameachana na utaratibu wa kutuma daftari la mauzo kwa basi au kwa kijana wa pikipiki. Siku hizi kompyuta ya tawi hutuma mafaili yenyewe kwenye kompyuta ya makao makuu, na mauzo yaliyoandikwa Morogoro saa 4 asubuhi huonekana Kariakoo kabla chai haijapoa. Kazi hiyo hufanywa na programu ndogo inayokaa chinichini tangu kompyuta inapowashwa hadi inapozimwa. Mafundi huiita dimoni. Mwenye duka anaweza kuiita tarishi, kwa sababu kazi yake ni ileile ya kubeba majalada toka ofisi hii kwenda ile.

Tarishi huyu hadai mshahara. Programu mbili zinazotumika sana kwa kazi hiyo, rsync na Syncthing, hutolewa bure. Rsync ilitangazwa Juni 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia. Syncthing ilianzishwa na Jakob Borg wa Sweden na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2013. Hakuna leseni ya kulipia kila mwaka wala ada kwa kila kompyuta. Gharama inayobaki ni ya fundi wa kuiweka, umeme na bando la intaneti.

Hata hivyo, lipo swali moja ambalo mara nyingi haliulizwi siku fundi anapokabidhi kazi, wala halimo kwenye ankara yake: je, tarishi huyu anafanya kazi kwa jina la nani?

NJIA MBILI ZA HARAKA

Kwenye kompyuta ya Linux, mfumo unaotumika sana kwenye seva, hakuna programu inayofanya kazi bila jina. Kila moja huendeshwa chini ya akaunti fulani. Kila faili nalo lina mwenyewe, lina kundi lake, na lina ruhusa za kusoma, kuandika na kuendesha. Programu ikitaka kufungua faili, mfumo huangalia kwanza imekuja kwa jina la nani, ndipo huamua kuikubalia au kuikatalia.

Akaunti isiyofungwa na ruhusa hizo ni moja, nayo ni akaunti kuu iitwayo root, yenye namba 0. Akaunti hiyo husoma leja, hufuta leja, hubadili maneno ya siri ya watumishi wote, na ikiamriwa huweza kuifanya kompyuta nzima isiwake tena.

Fundi mwenye haraka hupita moja kati ya njia mbili. Ya kwanza ni kumwendesha tarishi kwa jina la root, kwa sababu hapo hakuna mlango utakaomkatalia na kazi huisha mapema. Ya pili ni kumwendesha kwa jina la mwenye duka mwenyewe, yaani akaunti ileile yenye barua pepe, vitabu vya hesabu, na kivinjari kilichohifadhi neno la siri la benki.

Siku ya kukabidhi kazi, njia zote mbili hutoa matokeo ya kuridhisha. Mafaili yanakwenda na kurudi, mwenye duka anafurahi, na fundi analipwa. Tofauti huonekana siku tarishi anaporubuniwa na mtu wa nje.

Njia ya tatu ni kumfungulia tarishi akaunti yake mwenyewe, isiyo na madaraka yoyote isipokuwa juu ya folda anazozibeba. Hawezi kufungua folda ya mishahara. Hawezi kuweka programu mpya. Hawezi hata kujua maneno ya siri ya wengine yamehifadhiwa vipi.

Kanuni hii si ngeni kwa yeyote aliyewahi kukaguliwa hesabu. Mtunza fedha hapaswi kuandika leja. Anayeagiza mali hapaswi kuipokea stoo akiwa peke yake. Anayesafiri kikazi hupewa masurufu ya safari ile, hapewi kitabu cha hundi kilichokwisha kusainiwa. Hii haina maana kwamba watu hao ni wezi. Maana yake ni kwamba mmoja wao akikosea, akitishwa au akidanganywa, hasara itakuwa na mwisho unaojulikana.

Wataalamu wa kompyuta waliiandika kanuni hiyohiyo zamani. Mwaka 1975, Jerome Saltzer na Michael Schroeder wa chuo cha MIT, Marekani, waliiorodhesha miongoni mwa misingi ya kulinda habari zilizomo ndani ya kompyuta: kila programu na kila mtumiaji afanye kazi kwa madaraka madogo kabisa yanayotosha kuimaliza kazi yake.

SOMO LA DESEMBA 2003

Faida ya kanuni hiyo, pamoja na mipaka yake, ilionekana wazi tarehe 2 Desemba 2003. Siku hiyo seva mojawapo iliyokuwa ikigawa mafaili ya mfumo wa Gentoo Linux kwa njia ya rsync ilivamiwa kupitia mtandao. Siku mbili baadaye, watengenezaji wa rsync walitoa toleo 2.5.7 na kueleza kasoro iliyotumika.

Kasoro hiyo ilimwezesha mgeni kuingiza maagizo yake ndani ya seva. Lakini tangazo lilieleza pia kwamba kasoro hiyo peke yake isingeweza kumpa mvamizi madaraka ya root. Ili kuishika kompyuta nzima, ilibidi iunganishwe na kasoro ya pili, iliyokuwamo katika kiini cha Linux chenyewe, na ambayo ilikuwa imetangazwa muda mfupi tu kabla ya hapo.

Sababu haiko mbali. Dimoni ya rsync, hata ikianzishwa na root, kwa kawaida hujivua madaraka hayo inapomhudumia mteja na kuendelea kwa jina la akaunti dhaifu iitwayo nobody. Anayeingia kwa kupitia humo hujikuta amevaa sare ya tarishi, hajavaa koti la bosi. Akitaka koti hilo, lazima atafute ufunguo wa pili.

Masomo hapo ni mawili. Kwanza, akaunti dhaifu humlazimisha mwizi kuwa na funguo mbili badala ya mmoja. Pili, akaunti dhaifu haisaidii sana ikiwa mlango wa pili nao umeachwa wazi, yaani kompyuta ambayo haijawekewa marekebisho ya usalama kwa miezi mingi.

Aidha, kasoro za namna hiyo hazikuishia mwaka ule. Tarehe 14 Januari 2025 rsync ilitoa toleo 3.4.0 ili kuziba kasoro 6 kwa mpigo, nyingi zikiwa zimegunduliwa na watafiti wa Google. Iliyokuwa nzito kuliko zote, yenye namba CVE-2024-12084, ilipewa alama 9.8 kati ya 10 kwa ukubwa wa hatari. Ikiunganishwa na mwenzake mmoja katika orodha hiyo, mtu mwenye ruhusa ya kusoma tu, hata bila jina wala neno la siri, aliweza kuendesha maagizo yake kwenye seva ambayo haijarekebishwa.

Programu hiyo ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 28 na inaaminika dunia nzima. Kwa hiyo mwenye duka asijenge ulinzi wake juu ya matumaini kwamba tarishi hatarubuniwa kamwe. Ajenge juu ya swali lingine: akirubuniwa, atakuwa na funguo za vyumba vingapi?

HESABU YA HASARA

Chukua mfano wa muuza vipuri mwenye duka Kariakoo na matawi Mbagala na Morogoro. Seva yake ina folda 4: mauzo ya matawi, leja kuu, mishahara, na picha za vitambulisho vya wateja wanaochukua mali kwa mkopo. Tarishi anahitaji folda ya kwanza tu.

Tarishi huyo akiwa anaendeshwa na root na akavamiwa, folda zote 4 zimekwenda. Zaidi ya hapo, kompyuta yenyewe haiaminiki tena, kwa sababu root anaweza kuficha kitu mahali popote. Hapo hakuna usafi wa juujuu unaotosha. Ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Ikiwa duka linauza sh. 3,000,000 kwa siku, faida ghafi ikiwa asilimia 15, na kazi ikasimama siku 3, basi sh. 1,350,000 za faida zimepotea. Hesabu hiyo haijagusa malipo ya fundi, wala madeni ambayo hayatadaika tena kwa kuwa kumbukumbu zake zimeharibika.

Tarishi akiwa na akaunti yake, na mfumo ukiwa umewekewa marekebisho, kilichopotea ni folda ya mauzo, ambayo nakala zake zipo pia kwenye matawi. Fundi hufunga akaunti moja, huziba kasoro, huchunguza kumbukumbu za seva na kurudisha mafaili kutoka nakala ya jana. Duka linaendelea kuuza.

Upande wa sheria nao una uzito wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ilipitisha sheria yake ya ulinzi wa data mwaka 2019. Picha za vitambulisho vya wateja zikivuja, hilo si tatizo la fundi tena, ni la mwenye duka. Sheria za usimamizi wa kodi za nchi hizo mbili nazo zinataka kumbukumbu za biashara zihifadhiwe kwa miaka 5. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la leo liko ndani ya seva.

AKAUNTI INAVYOFUNGULIWA

Kwa fundi anayeijua Linux, kazi yenyewe si ndefu. Kwenye mifumo ya Debian na Ubuntu hufunguliwa akaunti ya aina ya mfumo, isiyo na neno la siri. Tuseme inaitwa tarishi. Badala ya kupewa nafasi ya kuandika maagizo kama mtumishi wa kawaida, huelekezwa kwenye /usr/sbin/nologin, ili mtu yeyote akijaribu kuingia kwa jina hilo arudishwe mlangoni. Nyumba yake huwekwa kando na za watumishi, kwa mfano /var/lib/tarishi. Humo hukaa ufunguo wake wa siri na cheti chake, na hakuna mtumishi mwingine anayepaswa kuvisoma.

Hatua ya pili ni kuifanya huduma ianze yenyewe. Syncthing ya Debian huja na faili la huduma lililokwisha kutayarishwa, ambapo jina linaloandikwa baada ya alama ya @ ndilo jina la akaunti itakayotumika. Hivyo syncthing@tarishi maana yake ni kwamba Syncthing itaendeshwa na akaunti ya tarishi. Umeme ukikatika na kurudi usiku, huduma huanza tena bila mtu kugusa kitu.

Hatua ya tatu ndiyo inayowarudisha baadhi ya mafundi kwenye root. Faili lililoletwa na tarishi ni mali ya tarishi, na karani akitaka kulifungua hukataliwa. Faili lililoandikwa na karani nalo tarishi hawezi kulibeba. Dawa yake ni kundi. Hufunguliwa kundi moja, kwa mfano mauzo, ambalo karani na tarishi ni wanachama. Folda hukabidhiwa kundi hilo na kuwekewa ruhusa 2770, ambayo humpa haki mwenyewe na kundi, huwafungia wengine, na kulifanya kila faili jipya lirithi kundi la folda. Kisha huduma ya tarishi na akaunti za makarani hupangiwa umask ya 007, ili mafaili mapya yaandikike na kundi zima.

Ndani ya Syncthing, folda hiyo iwekewe chaguo la kupuuza ruhusa za mafaili. Kwenye Linux, ukimwacha root, mwenye faili peke yake ndiye anayeweza kubadili ruhusa zake. Chaguo hilo lisipowekwa, tarishi atalalamika kila anapokuta faili la karani.

Upo uwezekano wa kumpa tarishi vipande viwili vya madaraka ya root bila kumpa yote. Vipande hivyo huitwa CAP_CHOWN na CAP_FOWNER, na hutumika pale ambapo umiliki wa mafaili lazima ufanane na wa upande wa pili. Lakini hata hivyo vitolewe kwa kusita. Anayeweza kubadili umiliki wa faili lolote hayuko mbali sana na root mwenyewe.

MILANGO NA UKURASA WA USIMAMIZI

Kwa desturi ya Linux, milango ya mtandao yenye namba chini ya 1024 hufunguliwa na root tu. Rsync inapoendeshwa kama dimoni husikiliza mlango namba 873, ndiyo maana huanzishwa na root kisha kushuka. Syncthing hutumia mlango namba 22000, hivyo haina sababu yoyote ya kumhitaji root. Yenyewe hulisema hilo: ikianzishwa na root hutoa onyo kwamba haipaswi kuendeshwa na mtumiaji mwenye madaraka makubwa.

Kwa upande wa rsync, kuiacha itumie akaunti ya nobody ni afadhali kuliko root, lakini si mwisho wa uangalifu. Huduma nyingine pia huweza kuwa zinatumia nobody. Zikishiriki jina moja, anayeishika moja anaweza kuzigusa za wenzake. Ni sawa na makarani watatu kupewa droo moja ya fedha: upungufu ukitokea, hakuna anayejua ni wa nani. Akaunti ya tarishi iwe ya tarishi peke yake.

Ukurasa wa kuiendesha Syncthing hupatikana mlango namba 8384, na kwa kawaida hufunguka kutoka kompyuta ileile tu. Uachwe hivyo, na uwekewe neno la siri. Kupitia ukurasa huo mtu anaweza kuagiza amri ya nje iendeshwe kila faili la zamani linapohifadhiwa, na amri hiyo huendeshwa kwa jina la tarishi. Tarishi akiwa root, ukurasa usio na neno la siri ni sawa na sefu iliyoachwa wazi sebuleni.

Wenye kompyuta za Windows nao hawajasahaulika. Kanuni ni ileile: ifunguliwe akaunti ya kawaida isiyo ya msimamizi, ipewe haki ya kubadili mafaili katika folda moja, na huduma iendeshwe kwa jina hilo.

AKAUNTI HAITIBU KILA KITU

Ni vizuri kutambua mapema kwamba akaunti dhaifu huzuia moto usivuke chumba, haizimi moto uliomo ndani ya chumba. Tarishi ana haki ya kuandika na kufuta katika folda ya mauzo, vinginevyo hawezi kufanya kazi. Karani wa Mbagala akifuta faili kwa bahati mbaya, au programu ya utekaji ikiyafunga mafaili ya tawi ili kudai fedha, tarishi atayabeba mabadiliko hayo kwa uaminifu uleule na kuyafikisha Kariakoo.

Kwa sababu hiyo, kulinganisha mafaili si sawa na kuweka akiba. Syncthing inaweza kupangiwa kutunza matoleo ya zamani ya mafaili, na hilo lifanyike. Aidha, folda ya tawi inaweza kuwekwa ya kutuma tu, ili uharibifu uliofanyika makao makuu usikubaliwe na tawi.

Lakini akiba ya kweli iwe ya akaunti nyingine kabisa. Akaunti hiyo ipewe haki ya kusoma folda ya mauzo na kuandika kwenye diski ya akiba. Tarishi asipewe haki yoyote kwenye diski hiyo. Kwa mpangilio huo, anayebeba mafaili hawezi kuiharibu akiba, na anayetunza akiba hawezi kuyabadili mauzo. Mkaguzi wa hesabu ataufahamu mpangilio huo bila kuelezwa, kwani ndio alioutaka siku zote baina ya mtunza fedha na mtunza vitabu.

MASWALI YA MWEKEZAJI

Mwenye mtaji mdogo anayetaka kununua hisa katika kampuni ya ndugu au jirani huomba kuona mizania, mikataba na taarifa za benki. Kama kampuni hiyo inaweka vitabu vyake kwenye kompyuta, maswali yafuatayo hayagharimu kitu, na majibu yake hueleza mengi kuhusu nidhamu ya wenye kampuni:

- Programu inayobeba mafaili inaendeshwa na akaunti gani, na akaunti hiyo inatumiwa na nani mwingine?
- Akaunti hiyo inaweza kufungua folda zipi zaidi ya zile inazozibeba?
- Marekebisho ya usalama yaliwekwa lini kwa mara ya mwisho, kwenye programu na kwenye mfumo wenyewe?
- Ukurasa wa usimamizi una neno la siri, na unafikika kutoka nje?
- Nakala ya akiba iko wapi, ni ya akaunti gani, na ilijaribiwa kurudishwa lini?

Mwenye duka ambaye kazi imekwisha kufanywa hana haja ya kuanza upya. Amwite fundi, amwombe aandike amri ya ps -ef mbele yake, kisha autafute mstari wenye neno syncthing. Safu ya kwanza ya mstari huo ni jina la anayeiendesha. Kwa rsync, aombe kuonyeshwa faili la rsyncd.conf na mstari wa uid uliomo, kwani dimoni yake mama huweza kuonekana kwa jina la root hata kama mambo yamepangwa vizuri.

Jina likiwa tarishi, au lingine lolote lililofunguliwa kwa kazi hiyo peke yake, fundi alipwe na ashukuriwe. Likiwa root, kazi haijakwisha, na salio la malipo yake linaweza kusubiri mpaka itakapokwisha.